Kompyuta ya Ramzi Inakusanya Taarifa

Benchi la mkahawa wa Sokkar pale mtaani Shubra lina wenyewe, na wenyewe wana vyeo walivyopeana. Mhandisi kazi yake ni kufunga feni za dari. Mshauri alifukuzwa chuo cha sheria mwaka wa kwanza. Ole wako uwaite kwa majina yao matupu. Alasiri hiyo Ramzi, mpiga picha, alifika ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Ndani yake mlikuwa na harusi nzima ya binti wa Haji Zaghlul, muuza nyama, bila nakala hata moja, na Haji alikuwa anakuja kuzichukua picha jioni hiyo hiyo.

Akaiwasha mezani. Skrini ikawa bluu, na juu yake kikatokea kiuso kilichonuna.

— Soma wewe, Mshauri, akasema Ramzi.

— “Kompyuta yako imepata tatizo. Tunakusanya taarifa.” Asilimia kumi.

— Taarifa za nani? Mhandisi akashusha sauti. Anapelekewa nani?

— Haijasema.

— Zima, Ramzi. Zima sasa hivi.

Ramzi akabana kitufe mpaka skrini ikafa. Hata nyumbani ndivyo alivyokuwa akifanya tangu asubuhi. Baba yake aliwahi kuhojiwa na polisi wiki nzima kwa mzaha alioutoa kwenye benchi hili hili. Mtoto wa mtu huyo hakai kutazama kitu kikikusanya taarifa.

Alipoiwasha tena, kiuso kikarudi.

— Haina haya hii. Inaharibika yenyewe, halafu inaninunia mimi.

— Na hizo tarakimu za chini? akauliza Mhandisi.

— Namba ya faili lako, Ramzi, akasema Mshauri.

— Faili la nini? Mimi napiga picha za harusi.

— Umewapiga picha watu wa ukumbi mzima bila kuuliza majina. Huenda mmoja wao anatafutwa.

— Basi waje waniulize mlangoni kama watu. Mkate ukiungua, mwokaji ananiambia umeungua, hanitajii tarakimu. Mashine nimeinunua kwa jasho langu, kwa nini inifiche ugonjwa wake?

— Na mraba huu wa madoadoa, akadakia Mhandisi, ni ramani ya mtaa. Hapa tulipo ni doa hili la kushoto.

Mshauri akasogeza kiti chake.

— Asilimia sitini. Zima, bwana.

Kidole cha Ramzi kilikuwa tayari kitufeni Haji Zaghlul alipofika, aproni ingali kiunoni. Akainama kutazama.

— Inafanya nini hii?

— Inakusanya taarifa, Haji. Usiwe na wasiwasi, hatujaiacha imalize hata mara moja.

— Kwani ikimaliza inafanyaje?

Mshauri akachungulia ndani ya kikombe chake. Mhandisi akakohoa. Aibu ikampanda Ramzi mpaka masikioni.

Haji akavuta kiti. Akaushika mkono wa Ramzi, akautoa kwenye kitufe, na hakuuachia, asilimia zikizidi kupanda.