Mkaja wa Mama Saba

Mwaka wa hamsini na tatu, mashamba makubwa ya karanga yalipokwisha kufa na mitambo yake kuota kutu, benchi letu la Nachingwea lilikuwa lingali hai. Lilikuwa ubao uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya trekta, pale njia ya Ruangwa inapoachana na njia ya stesheni. Na dele la Swalehe, muuza kahawa, ndilo lililotuita kila baada ya sala ya alasiri. Siku hiyo hatukucheza bao. Seleman, seremala kijana, alikuwa ameketi katikati yetu, amepakata doti mpya ya kanga kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Arusi yake ilikuwa kesho, na kanga zile zilikuwa mkaja: nguo anayopewa mama wa bibi arusi, kwa kukumbuka ile aliyojifunga tumbo alipomzaa binti. Ila mchumba wake, Mwanamvua, alikuwa na mama saba.

— Saba kwa ruhusa ya nani? aliuliza Katapila, aliyepata kuendesha mtambo wa kung'oa visiki, na tangu hapo kila jambo kwake ni kisiki.

— Ya baba yake, Mwalimu Kaimu, alijibu Seleman. Alihama Likunja na wafuasi wake, wakajifungia porini nyuma ya Kiegei. Anasema ameoteshwa kuoa saba.

— Mimi nikiota, naota ubwabwa tu, alisema Stesheni, mpagazi wetu wa mizigo ya treni.

— Cheka, mzee wangu. Huko mtoto haambiwi aliyemzaa. Leo analala nyumba hii, kesho ile. Mama akithubutu kusema "huyu ni wangu," anafukuzwa, na haruhusiwi kuwaona watoto tena. Mwanamvua amekulia humo, hadi alipotumwa chumvi hapa mjini. Akasikia treni inalia, hakurudi.

— Aliogopa?

— Alicheka! Alidhani ni tembo mwenye mafua. Sasa Bi Sabaha aliyempokea ameapa: mkaja usipofika mkononi mwa mama, bibi arusi hatoki ndani.

— Si umwulize mwenyewe bibi arusi? alisema Swalehe akimimina.

— Nimemwuliza. Anasema wote ni mama zake. Nikimtaka achague mmoja, nikachague na mke mwingine.

Hapo benchi likachukua kazi.

— Mpe mke mkubwa, alisema Katapila. Ng'oa, songa mbele.

— Je, kama huyo hakuzaa? Wapangeni mstari, alisema Stesheni. Binti apite anachechemea. Atakayelia "mwanangu!" ndiye.

— Watalia wote saba, alisema Swalehe.

— Basi atakayenyamaza mwisho!

— Mnahangaika bure. Kateni nguo vipande saba.

— Huo ni mkaja, Katapila, au matambara ya kufutia taa?

— Basi wasimame pamoja, wafungwe wote kwa nguo moja!

— Kwa mnyororo wa mtambo wako, labda, alisema Swalehe. Kanga hiyo haimzunguki hata Bi Sabaha peke yake.

Tulicheka hadi ubao ukayumba. Seleman hakucheka.

Ndipo akatokea mama mmoja kwa njia ya Kiegei, miguu imejaa vumbi, mkeka umeviringwa kichwani. Alitupa salamu, tukampa nafasi, Swalehe akampa kikombe. Alikunywa taratibu, macho yakiwa kwenye kanga.

— Nguo nzuri. Ya nani?

— Ya mama yake Mwanamvua, alisema Seleman.

— Mama yupi?

Katapila na Stesheni walimgeukia Seleman.

— Sijui, mama, alisema Seleman. Mwenyewe hataki kuchagua, nami sitamlazimisha.

Yule mama alitua kikombe.

— Umelelewa wewe. Naitwa Biasha, nyumba ya tano. Wenzangu sita wananawa miguu kisimani.

— Nyote saba! Katapila alishtuka. Na Mwalimu Kaimu?

— Tumemwachia chungu jikoni. Habari ya arusi tuliipata kwa wapita njia, tukamwambia tunakwenda kununua chumvi.

Alinyoosha mikono, na Seleman akampa doti ile kwa mikono miwili.

— Mtoto tulimlea kwa zamu, alisema. Na nguo tutaivaa kwa zamu.

Stesheni hakuweza kujizuia.

— Na zamu ya kwanza, mama, ni ya nani?

Kwao jibu la swali hilo ni mwiko, naye hakulitamka. Alitandua kanga moja, akajifunga. Si kiunoni kama wafungavyo wanawake wendao safari, bali tumboni, kama afungwavyo mama aliyetoka kuzaa, akakaza fundo kwa nguvu zake zote. Kisha akauliza njia ya kwa Bi Sabaha.

Seleman aliutwaa mkeka, akatangulia.

— Twende, mama, alisema.

Wala benchini hapakuwa na aliyeuliza mama yupi.