Marehemu Yoramu Sila Ndahani na Risasi Nzito Alizompa Hamza

Marehemu Yoramu Sila Ndahani alizaliwa hapa Mlali, wilayani Kongwa, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne wa mzee Sila Ndahani. Aliyembeba mgongoni ni dada yake Zipora, ambaye ndiye aliyeuandika wasifu huu, na yeyote anayesema Yoramu alizaliwa mwaka mwingine aeleze alikuwa wapi siku hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, mwaka 1965 hadi 1971. Tangu utoto hakuamini kitu ambacho hakukipima. Akitumwa sukari alimwambia mwenye duka, "Shikamoo, mzee. Ondoa kidole kwenye mizani." Alichapwa kwa hilo, na wiki iliyofuata akasema tena.

Aliingia jeshini mwaka 1976, akastaafu 2006, akahamia Makutupora kulima zabibu. Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Hilda. Siku ya posa wakwe ndio waliohojiwa.

Baada ya kustaafu alijiunga na klabu ya shabaha ya wastaafu, pamoja na rafiki yake Hamza Abubakari wa Busi, Kondoa. Huko alipima risasi moja moja kwa mizani ya sonara, na aliwaeleza hata wasiomuuliza: kichwa cha risasi cha gramu kumi hutoka kwa kasi, lakini kikifika mita mia tisa upepo umeshakipeleka pembeni, cha gramu kumi na mbili hakisukumwi ovyo.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti 2009, kwenye mashindano nje ya mji wa Dodoma, upepo ulichachamaa. Yoramu akampa Hamza kisanduku kimoja kati ya viwili alivyojichagulia mwenyewe.

"Shika hizi nzito. Hizo nyepesi zako zitaishia Singida."

Hamza hakuzijaribu kwanza. Alimwamini. Risasi zake zikatawanyika, na zile chache zilizogonga karatasi zilitoboa matundu marefu, kama zimepita kwa ubavu. Yoramu akashinda.

"Umezichezea!" Hamza alisema mbele ya watu. "Umenipa mbovu ili unipite."

Yoramu alinyamaza. Tangu hapo klabuni alitazamwa kwa jicho la pembeni; hakuna aliyemruhusu tena kugusa risasi zake, na wengine wakaanza kukumbuka mashindano ya nyuma. Wapo waliokuja leo ambao bado wanalo hilo moyoni. Zipora naye alimshuku Hamza: aliona ndiye aliyebadilisha kile kisanduku ili amchafue mdogo wake. Miaka yote hiyo Hamza akimwamkia mnadani, "Shikamoo, dada," alijibiwa kwa kikohozi.

Februari 2025 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mwezi Mei alimwita Zipora kitandani.

"Dada, mwache Hamza. Aliyekosea ni mimi. Mtutu wa bunduki yake ni wa zamani, hauizungushi risasi nzito vya kutosha, ndiyo maana ziliyumba. Nililijua hilo wiki ile ile."

"Na ukanyamaza?"

"Mjuzi wa risasi si nilikuwa mimi? Niliona heri waniite mwovu kuliko waniite mjinga. Unisemee siku ya kunizika."

"Mdomo huna?"

"Nimempigia simu mara nne. Hapokei."

Zipora alikagua simu yenyewe. Ni kweli, mara nne.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Makutupora, Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Hilda, watoto wawili, Denis na Restuta, wajukuu watano, na dada yake Zipora. Ameacha pia rafiki, Hamza Abubakari, aliyepelekewa taarifa Busi na hakutuma jibu. Ikiwa amekuja, hata kama amesimama kule nyuma kwenye magari, atatia udongo mara baada ya Denis na Restuta. Asiyeridhika amwone Zipora.

Yoramu apumzike sasa. Alichotaka kisemwe kimesemwa.