Ushahidi Kwamba Nyimbo za Tukuswiga Zinauzwa

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji Yonathani, mzee wetu Jairo Kibona uliyemzaa huyu tunayemuaga, viongozi wa soko, ndugu wageni waalikwa, na ninyi vijana mliokosa viti: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeambiwa nizungumze kwa furaha. Nitajitahidi. Ila mimi Roda Simbeye, meneja wa mwimbaji wetu Tukuswiga tangu alipoteremka kutoka Ileje na gitaa lake, bado nina hasira, na naomba mnivumilie niitoe kabla ya chakula.

Mnajua kwamba kikundi cha muziki cha Marekani kilimwita akaimbe nao mwaka mzima. Msichojua ni kwamba wakili wa Dar es Salaam, aliyetusaidia kuandaa ombi la viza, alitaka tuthibitishe kuwa kazi ya Tukuswiga imefanikiwa kibiashara. Nikamwambia kwenye simu, "Njoo Tunduma usimame mpakani. Kila lori linalosubiri kuvuka linapiga nyimbo zake!"

Akajibu, "Nakuamini, dada, lakini imani yangu siwezi kuiambatisha. Nipe risiti, mikataba, tiketi."

Risiti! Ndugu zangu, nani kati yenu aliwahi kudai risiti kwenye onyesho la Tukuswiga? Nilikwenda Kamsamba, ambako alijaza uwanja mpaka watu wakapanda juu ya matrekta. Mwandaaji, Bwana Timotheo, alinipokea vizuri, akanikumbusha kwamba alitulipa kwa mchele. Nikamwomba aandike hivyo. Akaniuliza, "Na mtu wa kodi akisoma?" Mkwajuni, mwenye ukumbi alinipa picha ya onyesho: yeye anaonekana mzima, anacheza, Tukuswiga kaonekana kiwiko tu. Na wewe Mheshimiwa Diwani, unayemwita kwenye kila sherehe ya kata, uliniandikia barua nzuri kabisa kwamba binti huyu ana nidhamu. Nidhamu! Nani alikuuliza nidhamu?

Nilirudi nikamwambia Tukuswiga kwamba tumeshindwa. Hakulia. Alisema tu, "Dada Roda, kwa hiyo miaka yote hii sikuwa naimba?"

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, nikaenda kutafuta mtu wa kugombana naye. Nikaenda kwa Shadrack. Wote mnamjua, kibanda chake kiko karibu na stendi, anawajazia nyimbo madereva wa Zambia na Kongo kwenye flashi na simu. Za Tukuswiga amezijaza miaka yote bila kumpa hata senti. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ni kweli, nimeziuza. Hakuna msanii ambaye nyimbo zake zinanunuliwa kwangu kama zake. Unataka nikaseme wapi?"

"Mahakamani, kwa kiapo, nacho kiende kwa wakili. Na unaweza kushtakiwa, Shadrack."

Akafunga kibanda, mchana kweupe, wateja wakiwa wamesimama, tukaondoka naye kwenda mahakamani. Aliapa kwa jina lake kamili. Akaleta na madereva, nao wakaapa kwamba nyimbo hizo wanazinunua hapa na kwenda kuziuza Ndola, kule Zambia. Wakili alinipigia akicheka: "Sasa haya ndiyo mauzo!" Habari ilipofika Kamsamba, Timotheo mwenyewe alinipigia. "Kama Shadrack kasema yake, na mimi nitaandika mchele wangu."

Viza imetoka. Tukuswiga anaondoka kesho.

Shadrack, simama watu wakuone. Msimpigie makofi mengi, atazoea! Nilishauri tumdai kila alichokula. Tukuswiga akakataa, akaenda kumpa mkataba wa kuuza nyimbo zake kihalali, na sehemu yake binti aipate. Nimepinga. Nimepinga sana, na hata hapa nilipo napinga. Lakini wameshasaini wote wawili, kwa hiyo kuanzia kesho anayetaka wimbo wa Tukuswiga aende kibandani kwa Shadrack, na alipe.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa naomba nikae, nipumzike.