Wakilifikia Benchi Wananyamaza

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, mkabala na geti la sekondari. Tunakaa hapo kila jioni na vikombe vyetu vya kahawa, watu wazima tusio na haraka ya kurudi nyumbani, maana huko nyumbani kwenyewe hakuna wa kukuuliza umeshindaje. Juzi Fundi Saa alikuja amenuna. Tangu mkewe afariki anaishi na binti yake wa kidato cha tatu, na binti haongei.

— Namuuliza, shule vipi? "Nzuri." Umekula? "Nimeshiba." Basi! Enzi za mama yake, wakiwa jikoni wawili, hata redio nilikuwa siisikii.

— Unamuuliza kiume, alisema Spika, kinyozi wetu, ambaye hajawahi kukosa jibu. Wavulana wanarushiana neno moja moja: "Poa." "Twende." Msichana lazima azunguke kwanza: "Eti shoga, samahani, hivi unajua..."

— Wanaomba samahani hata kwa kiti walichokikalia! alidakia Dobi. Ni damu ile. Damu ya kike ina maneno mengi.

— Damu wapi! Ni nywele. Mvulana namnyoa fasta, ataongea saa ngapi? Msichana anasukwa kutwa nzima, mdomo unazoea.

— Kwa hiyo nimsuke?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi Saa hakucheka.

— Nauliza kweli, jamani. Nitajifunza.

Kengele ikalia. Wasichana wakatoka getini kwa kelele, mmoja akiigiza mwendo wa mwalimu, na katikati yao binti wa Fundi Saa, mikono juu, anasimulia jambo huku wenzake wamejishika mbavu. Walipotukaribia, sauti zikakatika.

— Shikamooni.

— Marahaba, wanangu.

Wakapita wameinamisha vichwa. Walipokata kona, kicheko kikaanza upya.

Dereva mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri zamu ya kunyolewa, akakohoa kidogo.

— Samahani, wazee wangu. Hayo ya "eti shoga" mliyasikia wapi, kama wakiwafikia wananyamaza?

Spika akakung'uta kitambaa chake, akamwambia kiti kiko tayari. Dobi akawa anachungulia kikombe kisicho na kitu. Na mimi, mwenye mabinti watatu walioolewa mbali, nikaanza kuhesabu ni lini mara ya mwisho walinipigia simu.

Fundi Saa alikuwa bado anaitazama ile kona.

— Kumbe anacheka, alisema. Sikujua kama bado anacheka.