Arlys Tollefson na Fomu Themanini na Tatu

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, Arlys Tollefson, Mratibu wa Ushuhuda wa Wananchi katika shirika letu la Mito na Hewa Safi, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, kasoro siku nne tu. Aliingia ofisini kwetu Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin, Jumatatu tarehe 3 Juni 1996 akiwa amebeba bakuli la saladi ya viazi, kwa sababu kwao Elk Bend mtu haendi mahali kwa mara ya kwanza mikono mitupu. Aliajiriwa kupokea simu. Nimeombwa niandike kwa kifupi na nisimwagie sifa kupita kiasi. Nitajitahidi kwa hilo la ufupi.

Siku hizo shirika lilikuwa na watu wanne, ghorofani juu ya duka la kushona viatu. Wananchi wa kila pembe ya Wisconsin walipiga simu kulalamika. Mto unanuka. Nguo zilizoanikwa zimeingia masizi ya makaa ya mawe. Bili ya umeme imepanda na nyumba bado ni barafu tupu. Wengine wangeandika jina na namba na kusema asante kwa kupiga. Arlys alikuwa na swali moja zaidi: "Unaweza kuja kuyasema hayo hayo mbele ya kamati ya bunge?" Watu walisema hawawezi, wanaogopa, hawana nguo za maana. Aliwaambia, "Njoo na hizo ulizovaa kuzungumza nami." Wakaja! Ndiyo maana mwaka 2001 bodi ililazimika kubuni cheo ambacho tayari alikuwa anakifanyia kazi.

Tangu hapo kazi yake imekuwa kugeuza watu wa kawaida kuwa mashahidi. Kwetu mwananchi anayetaka kusemea muswada hujaza fomu ndogo: jina, mji, halafu anatia alama kwenye kisanduku cha "naunga mkono" au "napinga". Akiitwa, ana dakika tatu. Arlys alikwenda kuwafundisha jikoni kwao, na saa ndogo ya kupimia muda wa kuchemsha mayai mkononi. Wafanyakazi wa zamani bado wanasimulia siku aliyokuwa akimfundisha Orville Kettleson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ambaye alitaka shamba la paneli za jua la kushirikiana na majirani zake.

"Orville, umemaliza dakika mbili unaeleza trekta."

"Lakini ni trekta zuri, Arlys."

"Zuri sana. Liache nje, uingie mwenyewe."

Tena kwenye basi la kwenda bungeni haruhusu marafiki kukaa pamoja. Anasema mtu akikaa na mgeni hufika akiwa ameshajizoeza kujieleza. Safari moja alinikalisha mimi, karani wake, kiti cha kumi na mbili kando ya mtengeneza jibini ya mbuzi aitwaye Emmett. Alinieleza habari za mbuzi kwa saa mbili na nusu nikaomba basi lisifike. Ndoa yetu ina majuma saba sasa, kwa hiyo wasomaji mnisamehe ikiwa leo naona kila jambo zuri limeanzia kwenye mabasi ya Arlys. Nadhani mengi yameanzia huko kweli.

Maana mafanikio yake hayakai kwenye kabati la vikombe. Yako kwenye nyumba elfu kadhaa za wazee zilizozibwa nyufa zisipitishe baridi, kwa sheria ambayo mashahidi wake waliisukuma kwa misimu minne ya bunge mfululizo. Yako kwenye mabomba ya mitambo mitatu ya makaa ya mawe ambayo hayatoi tena moshi. Yako kwenye shule ya Marshfield inayowasha taa zake kwa paneli zilizo juu ya paa lake, ambako watoto walimwimbia hadi akajificha nyuma ya mwalimu mkuu.

Lakini jambo analostahili kukumbukwa kwalo ni neno aliloliandika kwa penseli. Mwaka 2018 shirika lilikuwa linaandaa msimamo wake wa nishati. Rasimu ilikuwa nzuri: mitambo yote ya makaa ifungwe kwa tarehe zinazojulikana, umeme wa upepo na jua uchukue nafasi, wananchi waruhusiwe kumiliki mashamba ya jua kwa pamoja. Arlys aliirudisha ikiwa na maneno matatu pembeni: "Na watu je?" Hapo ndipo kilipozaliwa kifungu chetu cha nne, kisemacho kwamba hakuna mtambo utakaofungwa kabla wafanyakazi wake hawajapata mafunzo ya kazi nyingine, pensheni zao zikalindwa, na mji wao ukapewa muda wa kujipanga. Baadhi yetu tulinung'unika kwamba kifungu hicho kitatuchelewesha. Kilipita kwenye bodi kwa tofauti ya kura moja.

Alikuwa na sababu. Elk Bend ni mji wa mtambo wa makaa. Baba yake alifanya kazi pale, na mdogo wake Verlyn alikuwa pale kwa miaka ishirini na zaidi. Msimamo wetu ulipotoka magazetini, watu wa kwao walisoma neno "ifungwe" na hawakuendelea hadi kifungu cha nne. Verlyn aliacha kupokea simu zake. Kwenye mkahawa ambako Arlys alikunywa kahawa tangu utotoni, watu walihamisha viti wakae mbali naye. Krismasi tatu mfululizo alikula peke yake hapa Madison, na kila ofisi ilipofunguliwa tena alikuja akiwa wa kwanza, akatuchemshia kahawa. Hakulalamika. Ila tulijua sote kwamba kifungu kile ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kurudi kwao. Mtambo ukifungwa kukiwa na kifungu, angeweza kuwatazama watu usoni. Ukifungwa bila hicho, asingerudi tena.

Basi tufike Jumatano ya tarehe 16 Februari 2022. Muswada ulikuwa mbele ya kamati ya nishati ukiwa na mambo yetu yote, kifungu cha nne kikiwamo. Arlys alileta mabasi mawili, watu themanini na watatu yeye akiwamo, theluji ikianguka njia nzima. Kama kawaida yetu, fomu zilijazwa magotini ndani ya basi ili zifike mapema kwa karani wa kamati na watu wetu waitwe kwanza. Themanini na tatu, zote "naunga mkono". Alizikabidhi saa mbili na nusu asubuhi.

Saa tatu nakala mpya za muswada ziliwekwa mezani. Kamati ina haki ya kubadilisha maandishi hadi dakika ya kufungua kikao, na kwa miaka ishirini Arlys ndiye aliyekuwa akitupigia kelele, wafanyakazi wapya kwa wa zamani: soma kilichoko mezani kabla hujatia alama. Siku ile yeye mwenyewe hakusubiri. Muswada ule aliujua kwa moyo. Alipofungua nakala mpya akiwa amesimama kando ya ukuta, mashamba ya jua yalikuwapo, tarehe za kufunga mitambo zilikuwapo, na kifungu cha nne hakikuwapo.

Nilikuwa karibu naye, kwa hiyo naweza kusema alivyoonekana. Alikunja ile karatasi taratibu sana, kama mtu anayekunja shati la mtu mwingine. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Prescott Lindahl, alimsogelea.

"Arlys, tumepata robo tatu. Tuichukue. Kifungu tutarudi nacho mwakani."

"Mwakani tarehe zitakuwa sheria, Prescott. Nani atatusikiliza?"

"Watu themanini na watatu wameshaunga mkono. Ukisimama sasa tutaonekana hatujui kusoma."

"Hatukusoma," alisema Arlys.

Upande wa pili wa ukumbi walikaa wafanyakazi wa mtambo wa Elk Bend na jaketi zao za rangi ya machungwa, wote wamejiandikisha kupinga. Verlyn alikuwa safu ya tatu, anaangalia kofia yake.

Arlys aliitwa wa kwanza. Alikuwa na dakika tatu na alitumia chini ya moja. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naitwa Arlys Tollefson, mtu wa Elk Bend. Hizo fomu themanini na tatu mezani kwako, mimi ndiye niliyesema zijazwe. Tulizijaza kwenye basi kabla ya kusoma maandishi haya. Kosa ni langu, si lao. Yangu naiondoa. Nataka ule mtambo ufungwe, nimelitaka hilo miaka mingi, lakini siungi mkono kuwafungia watu mlango bila kuwaambia waende wapi. Hawa wenzangu ni watu wazima. Kila mmoja ataisemea yake."

Mwenyekiti alivua miwani. "Bi Tollefson, fomu ya mtu hubadilishwa na mwenyewe tu, akiitwa."

"Basi waite."

"Wote?"

"Wamekuja na sandwichi, Mwenyekiti. Hawana haraka."

Ukumbi ulicheka, hata zile jaketi za machungwa, na wakaitwa mmoja mmoja hadi saa tisa alasiri. Mkristo yeyote aliyekuwa mle ndani angesema alikuwa kanisani! Orville Kettleson alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Nilikuwa na dakika tatu juu ya maziwa na jua," alisema. "Nazirudisha. Niandike napinga mpaka kile kifungu kirudi. Nalitaka shamba langu la jua, lakini siwezi kulijenga juu ya kazi ya mtu." Watu sabini na mmoja walibadilisha. Kumi na wawili hawakubadilisha, wakasema hali ya hewa haina subira, na Arlys aliwashukuru kwa kuwapa mkono kama alivyowashukuru wengine. Hiyo nayo ni tabia yake.

Kisha jina la Verlyn Tollefson likaitwa.

"Nimetoka Elk Bend saa kumi na moja alfajiri kuja kumpinga dada yangu," alisema, na watu wakacheka, ila yeye hakucheka. "Miaka mitatu nasema hawa wa Madison hawatujui. Kumbe yupo mmoja anayetujua, na huyo ndiye niliyemnunia. Mwenyekiti, mimi si mjinga. Najua makaa yanaisha. Nilichokuwa nauliza ni nani atasema habari zetu siku hiyo. Rudisheni kile kifungu, na mimi nitakuja hapa kuandika naunga mkono. Mke wangu hataamini, lakini nitaandika."

Walikutana kwenye korido, sote tukajifanya tunatafuta makoti.

"Bado unaongea haraka mno," Verlyn alimwambia.

"Na wewe bado hujanyoa."

"Umekula?"

"Tangu asubuhi, hata tonge."

Wakaenda kula. Prescott aliwatazama wakitoka, akaniambia, "Mimi ningechukua ile robo tatu." Tangu siku hiyo sijawahi kumsikia akijadili jambo bila kuuliza watu wa mahali hapo wanasemaje, na anapenda kusimulia mwenyewe alivyoshindwa siku ile, kwa furaha kabisa.

Kamati iliuweka muswada kando. Majuma matano baadaye ulirudi na kifungu cha nne, neno kwa neno, na Verlyn alikuja kama alivyoahidi. Ulipita, ukatiwa saini. Mtambo wa Elk Bend utazimwa Oktoba mwaka huu. Wafanyakazi wake wengi wameshaanza mafunzo, wengine ya nyaya za umeme, wengine ya kufunga na kutunza paneli za jua, na waliokaribia kustaafu wanaondoka na pensheni zao kamili. Tisa bado hawajapata nafasi. Majina yao yalikuwa yamebandikwa kwenye kompyuta ya Arlys, na wiki iliyopita aliyabandua akayaweka mikononi mwa Mai See Xiong, anayechukua kazi yake, akamwambia, "Hawa usiwapigie simu. Nenda kwao." Mai See ameshakwenda kwa watatu.

Huenda msomaji atauliza tumejifunza nini kwake. Mimi sina maneno makubwa. Najua tu kwamba ofisi yetu ilikuwa inapenda mito, misitu na hewa, na yeye alitufundisha kuwapenda na wanaoishi humo, hata wanapotukasirikia. Kosa lake moja alilisema mbele ya ukumbi mzima, na likatuletea mengi kuliko miaka mingi ya kuwa sahihi.

Kwa niaba ya bodi, wafanyakazi na mashahidi wake wote waliosambaa jimboni, wakiwamo wafugaji, wauguzi, wachungaji, mafundi, na bibi harusi mmoja na mume wake wa mbuzi, tunasema asante, Arlys. Asante kwa simu ulizopokea, kwa jikoni ulimoingia, kwa viti ulivyotupangia.

Kesho Jumamosi saa mbili asubuhi Verlyn atakuja na gari lake kubwa kubeba vitu vyako. Nyumba uliyopata Elk Bend iko mitaa miwili tu kutoka kwake, na chama cha wafanyakazi wa mtambo kimekuandikia kukuomba ukae kwenye kamati yao ya mafunzo. Tumesikia pia kwamba mkahawani wameanza kubishana utakaa meza ya nani. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, majira marefu ya joto na watu tele mezani. Nenda nyumbani, Arlys. Wanakusubiri.