Nani Atanisema Sasa?

Sogeeni karibu wanangu, nawe kitindamimba zima hiyo simu, maana sauti yangu haina tena nguvu za kushindana na kitu. Nyumba nawaachia nyote, asiuze mmoja bila wenzake, na chumba cha mbele ni cha dada yenu, kwa kuwa ndiye aliyenigeuza kitandani nyinyi wengine mkituma salamu. Hilo limekwisha, msilijadili.

Sasa kazi yangu ya kuhakiki michezo ya jukwaani, mliyoiona ni ya kukaa kiti cha mbele na kuwachafulia watu majina. Zamani mchezo ukifunguliwa, waigizaji hawakupata usingizi mpaka gazeti litoke, nami nikiandika kwamba fulani analia kama anayekata vitunguu, kesho yake atalia vingine. Kisha safu yangu ikakatwa nusu, ikawa aya moja, ikawa mistari chini ya tangazo la sabuni, mwisho mhariri, niliyemfundisha mwenyewe kuandika, akaniambia, "Mama, wenye ukumbi wanatupa matangazo. Wewe wasifu tu." Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Mgema akisifiwa hulitia tembo maji, wanangu, na siku hizi anasifiwa hata kabla hajapanda mnazi.

Mnamkumbuka yule mtunzi mnene, aliyeapa hatanipa mkono hata kaburini, kwa sababu niliandika kuwa tamthilia yake ilikufa kabla ya shujaa wake? Alikuja juzi mkiwa kazini. Nikadhani kaja kunicheka. Akakaa hapo ulipokaa wewe, kofia mapajani, akasema, "Watu wanapiga makofi, dada, wanapiga picha, wanakwenda zao. Sijui kama nimeandika kitu au upuuzi. Nani atanisema sasa?" Akalia, mtu mzima na mvi zake, akaniomba niuone mchezo wake mpya, nami hata kuinuka siwezi. Hilo laniuma kuliko maradhi.

Basi mkishanizika, nendeni nyinyi. Kaeni mpaka pazia lifungwe, msipige makofi ya adabu, kisha mfuateni nyuma ya jukwaa mumwambie mlichokiona, mkimtazama usoni. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Mimi walinikimbia, na aliyerudi ni adui.

Niinueni kidogo... hivyo. Mungu awape macho yasiyoona haya, na ndimi... ndimi zisizouzwa. Mkipata watoto... Ah. Shikaneni mikono. Mwambieni nilitaka kuja... Na kama ni mbaya, mwambieni... mbaya.