Pazia la Rangi ya Chungwa

BABA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siifahamu.

KITINDA: Shikamoo, baba. Ni mimi, Kitinda wako.

BABA: Marahaba. Simu ya nani hiyo?

KITINDA: Ya seremala wetu wa mashua. Yangu ilichomoka mfukoni nikikagua kamba, ikazama—

BABA: Hujang'oa nanga, umeshaanza kulisha samaki.

KITINDA: Usinicheke, salio lake dogo. Tunaondoka kesho asubuhi, maji yakijaa.

BABA: Kesho? Si mlisema mwisho wa wiki?

KITINDA: Nahodha kasema upepo umekaa vizuri, tukichelewa utatuacha. Maji ya kunywa tumeshapakia. Mayai nimeyapaka mafuta moja moja yasioze. Seremala kapanda mlingotini akashuka mzima. Ila...

BABA: Ila nini?

KITINDA: Makopo ya chakula.

BABA: Yamefanyaje?

KITINDA: Si unajua safari ndefu karatasi za makopo lazima zitoke? Maji yakiingia chini ya sakafu zinalowa, zinakwenda kuziba pampu.

BABA: Nani asiyejua hilo. Unabandua, unaandika kwa rangi kwenye kitako.

KITINDA: Unaandika kwanza, baba. Ndiyo unabandua.

BABA: Kitinda.

KITINDA: Nilibandua yote. Nikaenda kutafuta rangi. Kurudi, nayatazama, yamejipanga yanang'aa kama mapacha.

BABA: (anacheka, anakohoa) Ngoja. Ngoja nikae.

KITINDA: Ndiyo maana sikutaka kukwambia. Seremala anasema mwezi mzima tutakula bahati nasibu. Nahodha naye kasema atakayetaka samaki akafungua nanasi, ale nanasi lake na asinung'unike.

BABA: Tikisa. Weka kopo sikioni, tikisa. Maharage yametulia. Samaki anagonga mara moja, basi. Nanasi linapiga kelele kama wakubwa kwenye kikao.

KITINDA: Umejulia wapi hayo?

BABA: Kwani hii mara yako ya kwanza? Ulipokuwa mdogo ulibandua makopo yote ya jikoni, ukatengenezea vishada. Mama yako alikaa sakafuni akitikisa moja moja. Alicheka mpaka chakula kikaungua.

KITINDA: Sikumbuki.

BABA: Mimi nakumbuka. (mtandao unakwaruza) Haya, sema. Hukuazima simu ya watu kwa ajili ya makopo.

KITINDA: Tanga la dhoruba.

BABA: Lile dogo la upepo mkali? Limefanyaje?

KITINDA: Ofisi ya wenye mashua imetuletea jipya. Nahodha kalivuta kwa mikono tu, mshono ukaachia. Kawapigia. Mkubwa wao kasema limeshapitishwa na kamati, tuende nalo hivyo hivyo.

BABA: Kamati. Mtu hajawahi kulowa hata soksi, anapitisha tanga. Ndiyo hao hao. Mama yako kalazwa kwenye benchi la hospitali, tunaambiwa daktari mkuu yuko kikaoni. Kikao kikaisha salama, nikaona soda zinatolewa nje kwa kreti—

KITINDA: Baba.

BABA: Nimenyamaza. Usiende, basi.

KITINDA: Naenda, baba.

BABA: Najua unaenda. Umemrithi mama yako kichwa kigumu.

KITINDA: Kwani... pazia lako lipo?

BABA: Pazia gani?

KITINDA: La chumbani. La rangi ya chungwa.

BABA: Lipo. Linazuia jua.

KITINDA: Najua linazuia jua.

BABA: Dirisha lile asubuhi jua linanipiga usoni moja kwa moja.

KITINDA: Najua, baba. Nimeuliza tu.

(Mtandao unakwaruza.)

BABA: Tena tanga lenyewe mama yako hakumaliza kulishona. Alibakiza pete ya pembe ya chini. Tanga bila pete hiyo utalifunga wapi?

KITINDA: Pete naweza kushona mimi hapa—

BABA: Wewe? Wa makopo?

KITINDA: Basi wewe.

BABA: Kwa macho haya? Juzi nilianza kutunga uzi baada ya chai, mpaka nafanikiwa chakula cha mchana kimepoa. Na suruali yenyewe ilikuwa ya kubandika kiraka tu.

KITINDA: Sawa, baba. Nahodha kasema labda tusikutane na upepo wa kulihitaji.

BABA: Labda. Huyo naye aingie kwenye kamati.

KITINDA: Yeye kafanya awezavyo. Hata hivyo sijui kama lingetutosha, mlingoti wetu—

BABA: Linawatosha. Nimelitazama kila asubuhi tangu aondoke, nitashindwa kujua ukubwa wake?

(Kitu kinaburutwa.)

KITINDA: Haloo? Baba? Unanisikia?

BABA: Nakusikia.

KITINDA: Mbona kama kuna kitu kinaburutwa?

BABA: Kiti.

KITINDA: Cha nini? Usipande kiti, baba, goti lako lile—

BABA: Goti langu halikupitishwa na kamati, ndiyo maana linafanya kazi. Tulia, nina mkono mmoja.

KITINDA: Basi weka simu chini—

BABA: Niiweke wapi, huku juu? (anapiga chafya) Vumbi hili. Angeliona, ningelala nje.

KITINDA: Umeshashuka?

BABA: Nimeshuka. Na chumba kimejaa jua. Nilisahau kwamba ukuta ule ni wa kijani.

KITINDA: Baba, seremala ananionyesha mkono, salio linakwisha.

BABA: Mwambie nahodha wako asifungue kamba kabla sijafika. Naleta mwenyewe. Simpi dereva, simpi mkubwa yeyote.

KITINDA: Na ile pete? Umesema macho—

BABA: Pete nimeihifadhi. Sindano bado imechomekwa hapa pembeni, pale pale alipoiacha.

KITINDA: Na uzi, baba? Nani atakutungia?

BABA: Umo, mama. Alishautunga.

KITINDA: Baba, nita—

(Salio limekwisha.)